Diski ya Haro Mbele ya Jicho la Bibi Martina

Wadogo zangu wa chumba cha macho, siku mliponiaga mlinionyesha ile mashine mpya. Mgonjwa anaweka kidevu, anatazama taa, na kabla hajamaliza kuuliza kama inauma, ramani ya kioo cha jicho lake imeshatokea kwenye skrini, nyekundu, kijani na bluu kama khanga ya sikukuu. Hakuna aliyemgusa. Mkaniuliza, "Mama Yustina, enzi zenu mlikuwa mnafanyaje?" Nikasema nitaandika, kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo mtakosa basi la kurudi nyumbani. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Niliacha shule darasa la tano. Baba alitangulia, mama akafuata kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwepo watatu, na wa mwisho alikuwa bado anamwita kila mwanamke mama. Mjomba wetu wa Dongobesh alitaka kutugawa kama mbuzi wa urithi, huyu huku, yule kule. Nilikataa. Nikawachukua wote mpaka kambi ya shamba la ngano, kule uwandani chini ya Mlima Hanang, maana nilisikia wanatafuta watu wa kushona magunia.

Ninyi hamkuyaona mashamba yale ya serikali yakiwa hai. Ngano ilianza mlangoni ikaishia mahali ambapo macho yamechoka. Wafugaji waliokuwa na malisho yao pale kabla ya ngano walipita pembeni wakiitazama bila kuipenda. Msimu wa mavuno kombaini zilitembea zikifuatana, na nyuma yake makapi yalipaa yakatua juu ya kila kitu: kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa, na zaidi ya yote kwenye macho. Kambi nzima ilikuwa na macho mekundu. Mgeni akishuka kwenye lori alikuwa anauliza nani amefariki.

Kila mstari wa nyumba ulikuwa na bibi wake wa ulimi. Kapi likiingia jichoni unaenda kwake, anakufungua kope, anapitisha ulimi, anatema kapi, anakutuma maji. Njia ile ilifanya kazi mara nyingi, na mara nyingine ilimwachia mtu jicho lenye usaha. Mdogo wangu Paskali alipoingiwa na kapi aligoma kulambwa. Alisema bibi anavuta tumbaku. Nikamburuta mpaka zahanati ya shamba, na hapo ndipo nilipokutana na Mzee Lohay.

Mzee Lohay alikuwa mganga wa zahanati, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeongea kanisani. Nilimwamkia, akaitikia, nami nikanyoosha mkono kumfungulia Paskali jicho.

"Simama hapo hapo," akasema. "Mikono nyuma."

Nikaweka mikono nyuma. Na yeye akaweka ya kwake nyuma. Tukasimama wawili mbele ya mtoto kama watu wanaokagua gwaride.

"Sasa angalia. Unaona nini?"

Nikasema naona jicho jekundu, wekundu umezidi upande wa pua, machozi yanatoka, na kila akipepesa anakunja uso akitazama juu lakini si akitazama chini.

"Kwa hiyo kapi liko wapi?"

"Chini ya kope ya juu."

"Umegusa?"

"Sijagusa."

"Basi kesho njoo ufagie," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Nilifagia miezi mingi. Kila mgonjwa wa jicho alipoingia niliitwa na ufagio wangu, naweka mikono nyuma, naangalia, nasema. Mzee hakuniruhusu kugusa kope ya mtu mpaka nilipoweza kumweleza jicho zima kwa maneno, kama mtu anayemweleza jirani njia ya kwenda mnadani. Vifaa vyetu vilikuwa tochi, kioo cha kukuzia cha fundi saa, na subira. Tochi ilikosa betri mara kwa mara. Kioo cha fundi saa kilidondoka kikapata ufa, na kwa mwaka mzima kila mgonjwa alionekana ana mkwaruzo uleule.

Baadaye ikaja kamera. Daktari Elia, bingwa wa macho aliyekuwa anatutembelea mara chache kwa mwaka kutoka hospitali ya mbali, aliileta ikiwa na pete ya kusogezea picha karibu, pamoja na taa yake ya kumulika. Mpango ulikuwa mzuri: mimi nizunguke vijijini na gari la zahanati nipige picha za macho, mkanda uende Arusha na lori la ngano ukasafishwe, Daktari aziangalie picha kule kwake, na akija awe ameshajua nani wa kufanyiwa upasuaji. Alinichagua mimi kwa sababu mkono wangu hautikisiki. Nilimwambia ashukuru magunia.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba kwa watu wetu, kupigwa picha ni shughuli. Walikuja wamevaa makoti. Akina mama walikuja na watoto waliopakwa mafuta mpaka inzi wanateleza. Dereva mmoja wa kombaini alifunga tai, na picha iliporudi akaitazama mbele, akaigeuza, akatazama nyuma.

"Uso wangu uko wapi?"

"Tulipiga jicho tu, kaka."

"Na tai?"

"Tai haikuwa inaumwa."

Hakuniamkia mpaka mavuno yalipokwisha. Mzee mmoja wa Hirbadaw, kinyume chake, aliipenda sana ya kwake. Aliitundika sebuleni kati ya picha ya ndoa na ya Bikira Maria, na mgeni akiingia analazimishwa kubashiri ni nani kabla hajapewa chai.

Sasa nije kwa Bibi Martina wa Balangdalalu, maana ndiye aliyenifundisha kazi.

Bibi Martina alikuwa na vikope vya miaka mingi. Ninyi mmesoma, lakini niwakumbushe kwa maneno ya Mzee Lohay. Vikope vikimrudia mtoto mara kwa mara, ndani ya kope panabaki makovu. Makovu yanajikunja yakivuta ukingo wa kope, nywele zinageuka ndani, na kila mtu akipepesa ni ufagio unaopita juu ya kioo cha jicho. Upasuaji wake ni wa kugeuza ukingo wa kope utazame nje. Ni kazi fupi, ila inataka sindano, na inataka mkono.

Na mkono ndio Bibi Martina alioukataa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakuwa jeupe kama yai. Miaka ya nyuma jirani alijitolea kulikwangua kwa jani gumu, na halikuona tena. Likabaki la kulia.

"Hili ni la Mungu na mimi," aliniambia nilipomtembelea mara ya kwanza. "Hakuna mkono utakaoligusa. Hata wa askofu."

"Askofu hajaomba, Bibi."

"Mwambie asiombe."

Nikamweleza kwamba kamera haigusi. Akaizunguka, akaitazama kwa lile jicho lake, akakubali, kwa sharti kwamba nije siku ya pili ili ajiandae. Nikaja siku ya pili. Nikapiga. Mkanda ukaenda Arusha, na baadaye jibu la Daktari likaja: jicho lina wekundu na ukungu kidogo, lakini hakuna nywele inayogusa kioo, asubiri. Akaongeza pongezi. Picha zote za upande wa Balangdalalu zilionyesha kope safi. Vikope, alisema, vimepungua huko kuliko alivyotarajia. Mzee Lohay alifurahi akatununulia soda zahanati nzima.

Wiki hiyohiyo Bibi Martina alimgombeza kijana mmoja njiani kwa kutomwamkia. Alimgombeza sana, akamtajia na ukoo wake. Ilikuwa nguzo ya uzio.

Ukweli niliupata shambani. Kombaini zikishapita tulikuwa tunaruhusiwa kuokota masazo ya ngano, na nilikuwa nimeinama karibu na Elizabeti, mke wa mtoto wa Bibi Martina, mwanamke mpole aliyekaa na mama mkwe wake nyumba moja. Nikaona kila mara anasimama na kukung'uta kiganja.

"Mkono umefanya nini?"

"Kibano, dada. Jana nilikuwa na Mama mpaka jua likazama. Wamesema mpiga picha anakuja tena Jumatano."

"Mpiga picha si ni mimi?"

"Ndiyo, dada. Kwa hiyo tunakusafishia."

"Mnanisafishia nini?"

Akanitazama kama ninayemtania. "Nywele za kope. Utampigaje mtu mzima picha ana kope kama uzio wa miiba? Balangdalalu nzima tunang'oana. Likisikika gari lenu vibano havitoshi, tunaazimana."

Niliketi palepale juu ya mabua. Nilikuwa nimezunguka na kamera miezi yote ile nikipiga picha za watu waliokwisha kuuficha ugonjwa kwa ajili ya heshima yangu. Na nywele zile zikiota upya huwa fupi na ngumu, kama mabua yaleyale niliyokuwa nimeyakalia. Nilipomweleza Mzee Lohay alisema, "Ile soda tuliinywa bure."

Hapa naomba mtege sikio, kwa sababu hata mashine yenu inaweza kupambiwa. Kabla hamjawasha taa, mwulizeni mgonjwa amejiandaaje kuja. Kuna wanja, kuna matone aliyoazimwa na jirani, kuna aliyenawa kwa sabuni ya kufulia ili asiwachafulie kioo. Mashine inaonyesha jicho lilivyo wakati ule. Habari za asubuhi yake anazo mwenye jicho.

Nilimfuata Bibi Martina nikamwomba aache kung'oa mpaka Daktari aje.

"Nikae na miiba jichoni ili wewe upate picha mbaya?"

"Ili Daktari aone ugonjwa, Bibi."

"Daktari alishaona. Amesema sina kitu. Wewe binti wa magunia unataka kushindana na Daktari?"

Daktari alikuja katikati ya mavuno. Alikuwa na siku moja ya upasuaji, asubuhi ya pili anaondoka, na hangerudi mpaka mvua zipite. Tulipomweleza habari ya vibano alicheka mpaka akavua miwani. Kisha tukaenda kwa Bibi, akamulika jicho lile kwa tochi akiwa amesimama mbali kama alivyoamriwa, na kicheko kikaisha. Tukiwa njiani kurudi alituambia ukungu umekaribia katikati. Msimu mmoja zaidi utafunga, na hakuna upasuaji wa kope utakaourudisha mwanga huo.

"Lazima ajue kwamba kioo chake kimekwaruzwa," akasema. "Na lazima ajue bila kuguswa. Nilikuwa na kifaa cha kazi hiyohiyo."

Akatueleza: bamba la mviringo, limechorwa duara nyeupe na nyeusi, moja ndani ya nyingine, na tundu katikati. Unalisimamisha mbele ya mgonjwa kwenye mwanga, unachungulia tunduni, na zile duara unaziona zimejichora juu ya jicho lake, kama mlima unavyoonekana ziwani asubuhi kukiwa hakuna upepo. Kioo kikiwa laini, duara ni duara. Kikiwa na mikwaruzo, zinapinda na kukatika.

"Liko wapi?" Mzee Lohay akauliza.

"Dereva alilikalia."

Dereva akatazama barabara kwa makini kuliko mwanzo.

Pale zahanati alikuwepo Fundi Boay wa karakana, aliyekuja kufungwa kidole. Akasikiliza maelezo, akasema, "Bamba la mviringo, tundu katikati. Mnaongelea diski ya haro, ile ya trekta ya kuvunjia mabonge ya udongo."

Tukamtazama. Daktari akasema, "Haki ya Mungu, ni kweli." Nusu saa baadaye tulikuwa wote karakana. Fundi Boay alichagua diski iliyochakaa, ile ya trekta kubwa, akaifunga kwenye ekseli, akaizungusha huku ameshika brashi ya rangi bila kuisogeza, na duara zikajichora zenyewe, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Kitu kizuri sana. Kasoro zilikuwa mbili. Ilikuwa nzito, hakuna mtu wa kuishika bila kutetemeka, ikabidi tuitundike kwenye mnyororo wa kunyanyulia injini. Na rangi ilikuwa mbichi, kwa hiyo Daktari alipochungulia mara ya kwanza alitoka na duara nyeupe kuzunguka jicho, na hakuna aliyekuwa na cheo cha kumwambia.

Tulimfuata Bibi Martina kwa gari. Alikuja na Elizabeti, akaketi kwenye kiti cha trekta kilichowekwa sakafuni, kwenye mwanga wa mlango mkubwa. Kisha akaiona diski inamjia ikining'inia.

"Mnataka kunilima uso?"

"Haitakugusa, Bibi," Daktari akasema. "Angalia, wote tumeweka mikono nyuma."

Kweli, tulikuwa tumesimama mstari mmoja, Daktari, Mzee Lohay, Fundi Boay na mimi, mikono nyuma.

"Mmesimama kama wezi wa kuku," akasema Bibi. "Na wewe Daktari, nani amekupaka chokaa?"

Hapo ndipo Daktari alipojipangusa. Bibi akatangaza kwamba hatamwamini yeyote kati yetu. Atakayechungulia ni Elizabeti. Na Elizabeti aanze na jicho la mtu mwingine, ajue la mzima likoje.

Fundi Boay akaketi. Elizabeti akachungulia.

"Duara tupu, Mama. Kama mdomo wa kisima."

"Boay ana macho ya pombe."

"Hata hivyo ni duara, Mama."

Wakabadilishana. Bibi akakaa wima kama yuko kwa mpiga picha wa harusi. Elizabeti akachungulia muda mrefu mpaka nikasikia mnyororo unavyolia juu yetu.

"Unaona nini?" Bibi akauliza.

"Mama..."

"Sema. Jikoni hujawahi kukosa maneno."

"Za nje zimekatikakatika, Mama. Kama kikapu kilichotafunwa na mbuzi. Nzima ni hiyo moja ya katikati."

"Hiyo ya katikati ni duara?"

"Imeanza kupinda upande mmoja."

Nikasogea nikapiga picha kupitia lile tundu. Bibi alikuwa ameshika magoti yake.

"Nani amenikwaruza?"

"Ni zile nywele, Mama."

"Si unazing'oa?"

"Nazing'oa. Zinarudi."

Bibi akamgeukia Daktari. "Ile picha ya kwanza niliyokutumia, usiihesabu. Nilijipamba. Nikate leo. Lakini kichwa changu atashika Elizabeti. Mkono wake ninaujua, yenu siijui."

Upasuaji ulifanyika mchana ule pale zahanati. Elizabeti alishika kichwa, mimi nilishika taa, na Bibi Martina aliongea mwanzo mpaka mwisho, akimwuliza Daktari habari za wazazi wake, ng'ombe wao, na kwa nini mtu mzima kama yeye anaajiri dereva anayekalia vitu. Daktari alijibu kila swali bila kukosea mshono. Nimefanya kazi na wapasuaji wengi baada yake na sikumwona mwingine wa hivyo.

Diski ilirudishwa kwenye haro kabla ya msimu wa kulima, kwa sababu shamba lilikuwa na upungufu wa diski. Ililima Hanang na duara zake. Dereva wa trekta lile alilalamika kwamba akigeuka nyuma anapata kizunguzungu. Fundi Boay alitutengenezea nyingine ya bati, nyepesi, na hiyo ndiyo niliyozunguka nayo mpaka mashamba yale yalipokufa. Tangu siku ile ya karakana sikumwambia tena mgonjwa kwamba jicho lake ni bovu kabla sijamwita mtu wa nyumbani kwake achungulie.

Asubuhi ya pili, gari la Daktari likiwa limeshapakiwa, tulimfungua Bibi bendeji. Kope ilikuwa imevimba, na nyuzi zinaonekana, lakini nywele zilitazama nje kama za mtu yeyote. Akapepesa. Akasubiri maumivu. Akapepesa tena, polepole, kama anayejaribu kiatu. Daktari akamwuliza anaonaje. Bibi alikuwa anamtazama Elizabeti aliyepiga magoti mbele yake, karibu sana, akikunja bendeji.

"Njoo kwenye mwanga," Bibi akasema.

"Kuna nini, Mama?"

"Mbona jicho lako linatoa machozi?"

"Ni moshi wa asubuhi."

"Hapa hakuna moshi." Akamshika kidevu. "Huku pembeni nywele zimeingia ndani. Hizi hapa. Nani anakung'oa wewe?"

Elizabeti akainamisha uso. Sisi wote tukatazamana. Mama mkwe haombwi kazi kama hiyo, na watu wa nyumba nyingine hawaingizwi. Alikuwa amekaa nazo kimya, na tangu siku ya mabua nilikuwa naye uso kwa uso, mikono yangu nyuma, nikimtazama Bibi.

"Mimi sina kitu," akasema Elizabeti. "Daktari anachelewa safari."

"Daktari, teremsha mkoba."

Daktari alishaanza kukunja mikono ya shati. Akamwomba Elizabeti apande kitandani, akamwangalia kwa muda, akasema ni mapema, ni jambo dogo, litakwisha kabla ya chai. Elizabeti akalala huku ameshika pembe za shuka kwa nguvu, akigeuza uso kila Daktari alipomsogelea.

"Hatatulia," Mzee Lohay akasema. "Nani atamshika kichwa?"

"Mimi," akasema Bibi Martina, akiinuka. "Sasa naona pa kushika."